Je, wajua? Kwa Kijapani, "muda" maana yake ni upotevu

Kwetu muda ni saa zinazopita. Kwa Wajapani, muda ni kazi ya bure: jasho, hatua au vitu vinavyotumika bila kumfaa mtu yeyote. Maneno haya mawili hayana undugu, yamefanana kwa sauti tu. Lakini ukae kwenye benchi la wagonjwa wa nje kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, utaona maana zote mbili zimeketi nawe hapo hapo.

Chukua siku ya mama mmoja mwenye homa. Anafika mapokezi, faili lake linatafutwa. Anakwenda dirisha la malipo. Anapanga foleni ya daktari, anasikilizwa dakika kumi, anaandikiwa kipimo. Anarudi malipo. Anakwenda maabara, anatolewa damu kwa dakika tatu, anasubiri majibu, kisha anapanga upya foleni ya daktari yule yule. Malipo mara ya tatu. Mwishowe dirisha la dawa, ambako anaambiwa moja imeisha. Jumlisha dakika ambazo kuna mtu aliyekuwa akimhudumia kweli, huenda hata nusu saa haifiki. Zilizobaki alizitumia kusubiri, kutembea na kurudia kueleza jambo lile lile.

Tumezoea kuwalaumu wahudumu kwamba ni wavivu. Mimi lawama hiyo siikubali, kwa sababu ukimfuata nesi badala ya mgonjwa unakuta hadithi ile ile. Anakwenda stoo kuchukua glavu, stoo imefungwa, mwenye ufunguo yuko kikaoni. Anakwenda wodi ya jirani kuazima kipimo cha presha. Anaandika jina la mgonjwa kwenye daftari moja, halafu kwenye daftari la pili, halafu kwenye fomu. Jioni miguu inamuuma, na wagonjwa wamemkasirikia. Yeye na mgonjwa wamenaswa na mpangilio mmoja mbovu.

Hesabu yenyewe haina huruma. Tuseme wagonjwa 60 wameambiwa wote wafike saa moja asubuhi, na kuna madaktari wawili, kila mmoja akiona wagonjwa sita kwa saa. Hao ni 12 kwa saa. Wa mwisho ataingia kwa daktari karibu na saa sita mchana, baada ya kusubiri takribani saa tano, hata kama hakuna aliyezembea dakika moja. Sasa waambie 30 waje saa moja na wengine 30 waje saa tatu na nusu. Madaktari ni wale wale, wanamaliza saa ile ile sita, lakini anayesubiri kuliko wote hazidishi saa mbili na nusu. Hakuna aliyeajiriwa wala jengo lililoongezwa. Kilichobadilika ni saa ya miadi.

Akili ya kutazama kazi namna hii ilikomaa kwenye kiwanda cha magari. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Toyota haikuwa na fedha za kujaza maghala vipuri. Mhandisi wake Taiichi Ohno aliona kwamba kila kipuri kinacholala ghalani ni fedha iliyolala, na kila fundi anayesubiri kipuri ni mshahara unaomwagika. Mwaka 1956 alitembelea Marekani, na kilichomvutia zaidi ni maduka makubwa ya chakula: rafu inajazwa kulingana na kile mteja alichokwisha kuchukua. Wazo hilo alikuwa ameshaanza kulijaribu kiwandani mwake, kwa kutumia kadi inayoitwa kanban. Kipuri kikitumika, kadi yake inarudi kwa mtengenezaji, ndipo kingine kinatengenezwa. Ohno pia aliorodhesha aina saba za muda, kwa maana ya Kijapani, na kusubiri ni mojawapo. Mwaka 1988 mtafiti John Krafcik aliuita utaratibu huu "lean", neno ambalo Waingereza hulitumia kwa nyama isiyo na mafuta.

Mtu anaweza kuuliza, mgonjwa ni gari? Swali la haki kabisa, na nadhani jibu ni kwamba mgonjwa si gari, lakini faili lake, damu yake iliyo kwenye kichupa na dawa yake vinasafiri kutoka mkono hadi mkono kama vipuri. Vikikwama, yeye ndiye anayeumia. Hivyo ndivyo walivyofikiri viongozi wa hospitali ya Virginia Mason mjini Seattle, Marekani, chini ya Dkt. Gary Kaplan. Mwaka 2002 walisafiri hadi Japani kusoma viwandani. Moja ya mambo waliyorudi nayo ni haki ya fundi wa Toyota kuvuta kamba na kusimamisha kazi akiona kasoro. Hospitalini mwao ikawa kwamba mfanyakazi yeyote, hata asiye daktari, anaweza kutoa tahadhari na kusimamisha jambo linaloweza kumdhuru mgonjwa.

Safari ya kuja Afrika Mashariki ilipitia Sri Lanka. Hospitali ya wanawake ya Castle Street jijini Colombo, ikiongozwa na Dkt. Wimal Karandagoda, ilikuwa hospitali ya umma yenye uhaba kama wetu, na ilianza kwa kupanga upya vitu ilivyokuwa navyo. Mwaka 2007 shirika la maendeleo la Japani, JICA, lilianza kuufikisha uzoefu huo kwa wizara na hospitali za Afrika. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa katika kundi la kwanza la nchi nane, na kwa Tanzania kazi ilianzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya.

Mbinu hiyo ya kupanga upya ina hatua tano ambazo kwa Kijapani zinaanza na herufi S, na Watanzania wakapata S zao tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kusasambua ni kuondoa kisichotakiwa: kitanda kilichovunjika kinachoziba korido, dawa zilizopita muda wake, mafaili ya zamani juu ya meza ya chanjo. Kuseti ni kukipa kila kitu mahali pake na jina lake, ili hata mgeni wa zamu ya usiku akipate bila kuuliza. Kusafisha kunaeleweka. Kusanifisha ni kuhakikisha wodi zote zinafuata mpangilio mmoja, na kushikilia ni kutoyaacha mambo hayo yafe.

Hiyo ya pili, kuseti, inaonekana kama kazi ya kubandika lebo tu. Haiko hivyo. Mwaka 2004, katika hospitali ile ile ya Virginia Mason, mgonjwa mmoja alichomwa dawa ya kuua vijidudu vya ngozi badala ya dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha, kwa sababu vimiminika hivyo vyote havikuwa na rangi na vyombo havikuwa na lebo. Akafariki. Hospitali haikuficha, ilitangaza kosa lake hadharani. Kila ninapoona trei ya sindano isiyo na maandishi namkumbuka mgonjwa huyo.

Kadi ya Ohno nayo inafaa sana kwenye stoo zetu. Weka boksi mbili za glavu, moja mbele na moja nyuma, na kati yake kadi yenye jina la kifaa na idadi ya kuagiza. Boksi la mbele likiisha, kadi inajitokeza na inapelekwa kwa mtunza stoo siku hiyo hiyo, huku wodi ikiendelea kutumia la nyuma. Kwa kipande cha karatasi, taarifa ya "imeisha" inafika mapema kabla haijaisha. Bila shaka, kama bohari yenyewe haina glavu, kadi haitazileta.

Na hapa pana mpaka ambao lazima usemwe wazi. Mpangilio mzuri hauzai daktari wa upasuaji pale ambapo hayupo, wala hauleti oksijeni isiyonunuliwa. Kiongozi anayetumia mbinu hizi kupunguza wafanyakazi ameziua siku hiyo hiyo, maana nani atakuonyesha upotevu kwenye kazi yake akijua utamfukuza? Ugonjwa mwingine ni kupanga kwa ajili ya wakaguzi: mistari ya njano inapakwa sakafuni, lebo zinang'aa, na baada ya miezi mitatu kitanda kibovu kimerudi kwenye korido. Ndiyo maana S ya tano ni ngumu kuliko zote. Inahitaji timu ndogo ya kila wodi, wauguzi na wahudumu wa usafi wakiwemo, ikutane mara kwa mara na kurekebisha jambo moja dogo, kisha jingine. Wajapani wanaita hivyo kaizen, kubadili kuelekea kilicho bora.

Husimuliwa kwamba Ohno alikuwa akichora duara la chaki sakafuni kiwandani na kumsimamisha mhandisi ndani yake kwa saa nyingi, atazame tu. Duara kama hilo lingetosha kwenye korido ya hospitali yoyote ya wilaya, katikati ya mapokezi na maabara. Mganga mfawidhi angesimama hapo asubuhi moja ya Jumatatu bila simu, akahesabu ni mara ngapi mama yule mwenye homa anapita mbele yake.