Mashavu manene kwenye tishati ya kampeni

Kampeni ya uchaguzi wa Kongo ilipofunguliwa tarehe 19 Novemba 2023, karakana yetu ya kuchapa nguo, hapa Katuba, Lubumbashi, haikulala. Wagombea walitaka tishati, kasketi na vikwembe, na kila mmoja alitaka namba yake isomeke kutoka ng'ambo ya barabara, maana mbele ya mashine ya kura mtu hutafuta namba na picha. Mmoja tu hakuleta picha. Alituma katuni ya sura yake: kichwa kikubwa, macho ya mviringo, mashavu kama maandazi.

Kwa mchapaji, mchoro ule ni raha. Kwenye serigrafi, yaani kusukuma wino kupitia wavu uliotandazwa kwenye fremu, kila rangi inadai fremu yake. Uso wa mtu una vivuli vingi, na ukiuchapa haraka anatoka kama aliyepakwa masizi. Katuni ina mistari minene na rangi mbili tatu zisizo na kivuli: inachapika upesi, na hata ikifuliwa mara nyingi bado inacheka. Kwa hiyo bei nayo inawavuta wagombea huko.

Lakini nguvu yake kubwa iko kwa anayeitazama. Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa Austria wa tabia za wanyama, alieleza kwamba kichwa kikubwa, macho makubwa na mashavu ya mviringo huamsha ndani yetu hamu ya kulea. Ndiyo maana mtoto mchanga hubebwa hata na asiyemjua. Mwanasiasa akivalishwa sura hiyo, unaanza kumwonea huruma kabla hujamuuliza lolote.

Indonesia wameliona hili wazi. Prabowo Subianto ni jenerali aliyeondolewa jeshini mwaka 1998 kufuatia utekaji wa wanaharakati. Aligombea urais mwaka 2014 na 2019 kama mtu mkali, akashindwa mara zote mbili. Kwa uchaguzi wa Februari 2024 akaja kama babu mnene anayecheza dansi, na mabango yakajaa katuni yake iliyotengenezwa kwa akili bandia. Vijana wakamwita gemoy, neno la mtaani la kitu kinachokutia hamu ya kukifinya mashavu. Akashinda kwa takriban asilimia 58. Sidai katuni peke yake ndiyo iliyompa ushindi. Mgombea mwenza wake alikuwa mwana wa rais aliyekuwa madarakani. Ila wapiga kura wengi wa mwaka 2024 walikuwa bado watoto au hawajazaliwa mwaka 1998, na babu wa kwenye bango hakuwa na kitu cha kuwakumbusha.

Taiwan mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 2011 watoto pacha watatu walimpa mgombea urais Tsai Ing-wen vibubu vyao vya umbo la nguruwe. Sheria inawakataza wasio na haki ya kupiga kura kuchangia, ukazuka mzozo, kisha chama chake kikagawa vibubu vya plastiki kwa wananchi, wavijaze na kuvirudisha. Tsai alishindwa Januari 2012. Hata hivyo kile kibubu nakipenda, kwa sababu kilimdai mtu mchango wake mwenyewe. Hakikumpumbaza.

Sisi Kongo tulianza zamani. Wakati wa Mobutu sura yake ilikuwa kwenye kikwembe, mama akaifunga kiunoni na mtoto akabebwa ndani yake. Na hapa Lubumbashi kuna mpira. Mwanasiasa Moïse Katumbi ni rais wa klabu ya TP Mazembe, na nyeusi na nyeupe za klabu, pamoja na yule mamba mwenye mpira mdomoni, ziko kila mtaa. Wengi wanazivaa bila kumfuata kisiasa, lakini upendo huo hauachwi mlangoni mwa siasa. Kipa wake Kidiaba, ambaye mwaka 2010 dunia nzima ilimwona akirukaruka kwa makalio kushangilia mabao, baadaye alichaguliwa kuingia bunge la jimbo letu, yaani la mkoa.

Mimi ule mchoro wa mgombea wetu nilikubali kuuchapa kwa saizi za watu wazima. Aliponiongezea oda ya saizi za watoto nikakataa, akapeleka kazi yote kwingine. Wiki ya pili nikamwona mtoto wa jirani, hajafika hata miaka sita, amevaa ile tishati hadi magotini, akiimba namba ya mtu asiyemjua.

Siku hizi mteja akileta picha na kuniomba nimlainishe uso, namwekea mwanga na kumnyoosha kola. Mikunjo ya usoni naiacha ilivyo.