Kabla hujang'oa redio ya gari lako

Dada mmoja aliniletea Toyota IST yake hapa Gerezani, Dar es Salaam, asubuhi, akashuka ameshika modyuleta mbili mkononi, vile vidude vya kurushia muziki wa simu kwenye redio ya gari. "Fundi, hii redio mbovu. Nimenunua hizi zote mbili na bado inakwaruza. Ing'oe tu, uniwekee ya Android."

Niliwasha gari, nikachomeka modyuleta moja kwenye tundu la kuwashia sigara, nikaunganisha simu yake na kucheza wimbo. Kweli, muziki ulikuwa unakuja na kuondoka, na katikati yake mtangazaji anaongea. Nikatazama namba kwenye modyuleta: 88.9. Kwa Dar es Salaam hapo ni kwa Wasafi FM. Kile kidude kinatoa mawimbi hafifu yanayotosha mle ndani ya gari tu, na alikuwa anakishindanisha na mtambo unaorushia jiji zima. Redio ilikuwa nzima. Modyuleta zote mbili zilikuwa nzima.

Kazi yangu ni muziki wa magari, na kesi ya namna hii huniletea watu kila wiki. Inaniuma kuona mtu anatoa laki kadhaa kununua redio mpya wakati aliyonayo inaweza kumpigia muziki vizuri kwa waya wa bei ya chakula cha mchana. Kwa hiyo leo nieleze jinsi sauti inavyotoka kwenye simu hadi kwenye spika, na inapokwamia.

Nianze na FM, maana ndiko wengi wanakokimbilia kwanza. Modyuleta ni kituo kidogo cha redio. Inapokea muziki kutoka kwenye simu, inaurusha kwa masafa unayochagua wewe, kisha redio ya gari inaudaka kama inavyodaka kituo kingine chochote. Modyuleta nyingi zinarusha kati ya 87.5 na 108, masafa tunayotumia hapa kwetu. Lakini gari lako limetoka Japani, na kule FM ilipangwa kuanzia 76 hadi 90. Juu ya 90 kulikuwa na chaneli za kwanza za televisheni. Televisheni za analojia zilipozimwa kuanzia 2011, Wajapani wakaongeza FM hadi 95, ndiyo maana redio za magari ya karibuni zinafika juu zaidi. IST ya 2004 haina habari hiyo. Inaishia 90.

Sasa piga hesabu. Modyuleta inaanzia 87.5, redio inaishia 90. Sehemu zinazokutana ni megahezi mbili na nusu tu, na katika mji kama Dar vituo vimebanana humohumo. Ndiyo maana ukitoka Posta muziki uko safi, ukifika Kimara kituo fulani kinaumeza. Kama hali yako ndiyo hiyo, kabla hujaweka modyuleta tembeza redio taratibu kuanzia 87.5 kwenda juu, hatua kwa hatua, utafute sehemu isiyo na mtu, yenye ule mchakacho mtupu. Iweke hapo. Ukisafiri kwenda Morogoro au Tanga, tafuta upya.

Magari mengine yameshafungwa ekspanda. Ni kisanduku kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio, nyuma ya dashibodi, na kazi yake ni kushusha masafa yetu ili redio ya Kijapani iyafikie. Kuna inayoshusha kwa megahezi 14, kuna ya 20, na za kiasi kingine. Ukiwa na ya 14, kituo cha 91.0 utakisikia redio ikiandika 77.0. Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa: wanaweka modyuleta 101.0, kisha wanaitafuta 101.0 kwenye redio, hawaioni, wanasema kifaa kibovu. Toa 14. Iko 87.0. Usipojua ekspanda yako inashusha kiasi gani, chukua kituo unachokijua masafa yake, angalia redio inakisoma wapi, tofauti ya namba hizo mbili ndiyo jibu.

Hata ukipata masafa safi kabisa, FM ina kikomo chake. Sauti inayopita humo haivuki kilohezi 15, kwa hiyo ule mlio mwembamba wa juu, wa matoazi na kayamba, unakatwa kidogo. Muziki wa simu unageuzwa kuwa mawimbi, unarushwa, unadakwa, unageuzwa tena kuwa sauti. Kila geuzo linachukua chake. Kwangu modyuleta ni njia ya mwisho, mtu akikosa zote.

Njia ya kwanza ninayoitafuta gari likifika ni AUX, yaani tundu la kuunganisha simu na redio kwa waya wa sauti. Magari mengine tundu liko wazi usoni mwa redio au kwenye kiboksi katikati ya viti, limejaa vumbi. Mengine limejificha. Redio nyingi za Japani, hasa zile zenye skrini ya ramani, zina soketi nyuma yake kwa ajili ya kuunganisha deki ya video, kwenye menyu utaona VTR. Soketi hiyo inapokea sauti pia. Unahitaji waya wake maalumu tu, kisha unautoa mbele kwenye droo ya dashibodi. Ile IST ya dada haikuwa hata na skrini, ni redio ya CD ya kawaida, lakini nilipoivuta nje nikakuta tundu la AUX kwa nyuma ambalo halijaguswa tangu gari liundwe.

AUX haina urafiki wa kubahatisha. Ikifungwa vizuri inapiga, ikifungwa vibaya inakuambia kosa liko wapi, ukijua kusikiliza. Kwa mfano: ngoma na gitaa zinasikika, lakini mwimbaji amepotea, au yuko mbali kama anaimbia kisimani. Hapo waya wa pamoja, ule wa ethi ndani ya AUX, haugusi. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida imerekodiwa sawasawa kulia na kushoto, na ethi ikikosekana pande hizo mbili zinafutana. Mara nyingi sababu ni kava la simu: ni nene, pini haizami hadi mwisho. Toa kava, sukuma pini mpaka usikie imeitika, mwimbaji anarudi. Nimeshalipwa asante na soda kwa kazi ya sekunde tatu namna hiyo.

Simu yako haina tundu la hedifoni? Tumia adapta ya tundu la chaji, ila nunua yenye chipu ya sauti ndani yake. Zile za bei ya chini kabisa ni waya mtupu, kwenye simu nyingi hazitoi chochote.

Halafu kuna ule mlio. Umechomeka AUX, umechomeka na chaji, ukikanyaga mafuta unasikia wiii inayopanda na kushuka pamoja na injini, kama mbu kwenye sikio. Wateja wengi wanadhani spika zimeungua. Mlio huo unatoka kwenye altaneta, kile kifaa kinachozalisha umeme injini ikiwaka. Simu sasa imeshika bodi ya gari sehemu mbili: kupitia chaji, na kupitia waya wa AUX unaokwenda kwenye redio. Sehemu hizo mbili hazina umeme sawasawa altaneta inapofanya kazi, na ile tofauti ndogo inapita kwenye waya wa sauti. Spika zinaipiga kama sehemu ya wimbo.

Kipimo chake ni rahisi: gari likiwa linawaka, chomoa chaji kwenye simu. Mlio ukikatika, umempata mwizi. Dawa ya bure ni kuchaji simu kwa pawabenki wakati muziki unapiga, kwa sababu pawabenki haijashika bodi ya gari popote. Dawa ya pili ni kuchaji kwa USB ya redio yenyewe, kama ina nguvu ya kutosha. Ya tatu ni kifaa kidogo cha kutenganisha ethi, kina transfoma ndogo mbili ndani, kinakaa katikati ya waya wa AUX. Cha bei rahisi sana hupunguza besi, kwa hiyo kisikilize kwanza dukani kabla ya kulipa. Vile vipokezi vya Bluetooth vinavyochomekwa kwenye AUX huku vinakula umeme wa chaji ya gari huleta mlio uleule, kwa sababu ileile.

Bluetooth ya redio yenyewe ni nzuri ikiwepo, lakini sikiliza: kuwepo kwa Bluetooth hakumaanishi muziki utapita. Kuna lugha mbili humo. Moja ni ya kupigia simu, nyingine ni ya muziki, inaitwa A2DP. Redio nyingi za zamani za Japani zinajua ile ya simu tu. Simu inaunganika, inaandika imeunganishwa, ukipigiwa mtu anasikika kwenye spika, lakini ukicheza wimbo kimya. Usihangaike kufuta na kuunganisha upya mara kumi. Kuna programu za kulazimisha muziki upite njia ya simu, na utapita, ila njia hiyo ilitengenezwa kwa maongezi. Kwenye redio hizo za zamani inabeba sauti kuanzia hezi 300 hivi hadi 3,400 basi. Besi yote inabaki nje. Wimbo wa dansi ukipita humo unasikitisha.

Kama A2DP ipo na simu bado inakataa, ingia kwenye orodha ya simu zilizohifadhiwa. Redio hukumbuka simu chache tu, na mara nyingi nakuta bado imejaa simu za mwenye gari wa kwanza huko Japani. Futa zote. Futa na jina la redio kwenye simu yako, kisha anza upya. Namba ya siri kwa kawaida ni 0000 au 1234. Menyu ikiwa ya Kijapani, ielekezee simu programu ya kutafsiri kwa kamera, inatosha kabisa kukufikisha.

Kuhusu USB nisiseme mengi. Redio nyingi zinasoma flashi, hazisomi simu ya Android. Ukichomeka simu inachaji tu. Weka nyimbo kwenye flashi, iformati kwa mpangilio unaoitwa FAT32, basi.

Kiwango cha sauti nacho kinaharibu kazi nzuri. Watu wanaacha simu nusu, wanafungua redio hadi mwisho, halafu wanalalamikia mchakacho. Redio inakuza kila kinachoingia, mchakacho ukiwemo. Kwa AUX, pandisha simu hadi karibu na mwisho, ukisikia sauti inaanza kupasuka shusha kidogo, iache hapo, halafu tumia kitufe cha redio peke yake. Kwenye modyuleta kuwa mpole zaidi, simu ikizidi inapasuka mapema.

Na kama baada ya yote hayo bado unataka redio mpya, ni haki yako, lakini simama karibu na fundi anapounga waya. Redio mpya za dukani zinafuata rangi hizi: njano ni umeme wa kudumu wa betri, nyekundu ni umeme wa swichi, nyeusi ni ethi. Kwenye waya asili za Toyota rangi hizo zina kazi nyingine kabisa. Umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, wa swichi ni kijivu, ethi ni kahawia. Nyekundu ya Toyota ni spika ya nyuma kulia. Nyeusi ni spika ya nyuma kushoto. Nimepokea gari ambalo fundi alilinganisha rangi kwa rangi, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na redio mpya ya mteja ilikuwa imeshakufa ndani ya dakika za kwanza. Soketi ya kubadilishia ya Toyota, yenye pini kumi na ile ya pini sita, inauzwa bei ndogo na hakuna waya unaokatwa. Idai.

Redio ya zamani usiitupe, na usiiguse ovyo kabla hujaamua. Redio kadhaa za Toyota zenye ramani hujifunga betri ikichomolewa, zinaandika ERC na namba ndefu, na hazipigi tena mpaka zipewe namba yake ya kufungulia. Nyingine zinategemea kadi ya SD ya ramani iliyo ndani: ikitolewa, zinagoma kufanya chochote, hata redio. Najua ile kadi inatamanisha kuiweka kwenye simu. Dada wa IST alikuwa na mdogo wake aliyewahi kufanya hivyo kwenye gari la baba yao, na kadi ikaformatiwa. Gari hilo liliendeshwa kimya miezi minane kabla hawajalileta kwangu.

Yeye mwenyewe aliondoka na waya wa AUX wa mita moja unaotokea kwenye droo, simu ikichajiwa na pawabenki kwenye mkoba. Modyuleta zake mbili alinirudishia. Moja nimeiacha kwenye meza ya kazi, naitumia kupimia ekspanda.