Sokwe namba 41 na saa za aina mbili katika uigaji

Juzi hapa Kigoma, kijana ninayemfundisha kuiga idadi ya wanyama kwa kompyuta alinigeuzia skrini yake. "Mwalimu, hebu mtazame namba 41." Namba 41 ni sokwe jike wa ndani ya programu, aliyezaa mwezi Machi, akazaa tena Julai. Mimba ya sokwe huchukua takribani miezi minane.

Kijana hakukosea hesabu. Sokwe wa Hifadhi ya Gombe huzaa kila baada ya miaka mitano hivi, kwa hiyo alimpa kila jike nafasi moja kati ya 60 kila mwezi. Wastani wa kundi ukatoka vizuri kabisa. Lakini sisi hatuigi wastani, tunaiga mnyama mmoja mmoja, mwenye umri wake, mama yake na mtoto anayemnyonyesha. Nafasi isiyokumbuka kwamba jike huyu amejifungua juzi inatuzalishia wanyama wasiowezekana.

Ndiyo maana kabla ya kuandika tukio lolote huuliza: linasoma saa ya nani? Wavuvi wa dagaa hapa kwetu hutegemea giza, na mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika. Hiyo ni saa ya wote. Uzazi una saa ya mwilini, inayoanza upya kila jike anapojifungua. Kwa namba 41 tuliweka kasi ya kuzaa kuwa sifuri miaka mitatu ya mwanzo, kisha ikapanda taratibu.

Jambo dogo linalosahaulika: hatari ya kufa ya asilimia 20 kwa mwaka haigawanywi kwa 12. Ukigawanya, mwaka utaisha umepoteza asilimia 18 tu na kitu, kwa sababu kila mwezi unapiga kura, yaani kuchagua kwa bahati nasibu nani afe, kwa waliobaki tu. Ya mwezi ni 1 − (0.8 kwa kipeo cha 1/12), yaani karibu asilimia 1.84.

Mtego mkubwa zaidi ni kumpangia mnyama tarehe ya kufa siku anapozaliwa, kwa hatari ya kufa ya siku hiyo. Akifiwa na mama akiwa na miaka miwili, hatari yake inapanda ghafla, ila tarehe imekwisha kuandikwa. Mimi humpa kikomo badala ya tarehe. Chukua namba ya nasibu kati ya 0 na 1, tafuta logi asilia yake (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), ondoa alama ya hasi: hicho ndicho kikomo chake. Kila siku inayopita, ongeza hatari ya siku hiyo kwenye mfuko wake, yaani jumla ya hatari alizokwisha kupitia. Mfuko ukifikia kikomo, tukio limetokea. Mama akifa, mfuko unajaa haraka zaidi, na hakuna cha kupanga upya. Naipenda sana njia hii.

Magonjwa ya mlipuko yanataka uangalifu wa pekee. Mwaka 1966 ugonjwa unaofanana na polio uliingia Gombe, ukawaua na kuwapoozesha sokwe kadhaa kwa mkupuo. Ukimpigia kila sokwe kura yake peke yake, msiba wa namna hiyo hauji kamwe. Vifo vinatawanyika mwaka hadi mwaka, na kundi linaonekana salama kuliko lilivyo. Kwanza piga kura moja kwa kundi zima: ugonjwa umeingia au haujaingia? Ukiingia, ndipo uende kwa mmoja mmoja.

Kijana ameanza kuiandika sehemu hiyo leo asubuhi.