Ujumbe Uliobanwa Si Lazima Ujitegemee
Wengi wanaoandika programu za WebSocket (njia ya pande mbili kutumiana ujumbe kupitia muunganisho unaobaki wazi) kwa lugha ya Rust huamini kwamba kila ujumbe uliobanwa ili upungue ukubwa ni kifurushi kamili, hivyo huunda kifunguzi kipya, yaani chombo cha kuurudisha katika hali yake ya awali, kila ujumbe unapowasili. Ujumbe wa kwanza hufunguka vizuri, na hapo ndipo mtu anapodanganyika, kwani unaofuata huweza kukataliwa kwa kosa kwamba rejeo linaelekeza nyuma kupita kiasi.

Sababu imo katika mbinu ya kubana iitwayo deflate yenyewe: badala ya kurudia maandishi yaliyokwisha kutumwa, huandika rejeo, yaani urefu wa kunakili na umbali wa kurudi nyuma, hadi baiti 32,768. Kiwango cha RFC 7692 cha mwaka 2015, kinachoeleza ubanaji wa ujumbe wa WebSocket, huruhusu rejeo hilo livuke mpaka wa ujumbe, isipokuwa pande mbili zimekubaliana kuanza upya kila mara. Kwa hiyo Decompress, kifunguzi cha maktaba ya Rust iitwayo flate2, chapaswa kuishi muda wote wa muunganisho. Mtumaji, kwa upande wake, huondoa baiti nne za mwisho, 00 00 FF FF, nawe huna budi kuzirudisha kabla ya kufungua.

Linalosumbua zaidi, kwa maoni yangu, ni lile lisilotoa kosa lolote: decompress_vec, amri ya kufungua ya Decompress, haipanui vekta (orodha inayopokea matokeo), bali hujaza nafasi iliyopo na kurudisha Ok, yaani jibu lisilo la kosa, hata kama nusu ya ujumbe haijafunguliwa. Ongeza nafasi, kisha uiite tena kuanzia pale ilipoishia, ukikumbuka kwamba total_in huhesabu baiti zilizosomwa tangu muunganisho ulipoanza, si tangu ujumbe huu.