Kiharusi cha kijana kama kiashiria cha virusi vya Ukimwi

Kiharusi ni hali ya sehemu ya ubongo kukosa damu ghafla, ama kwa kuwa mshipa umezibwa na donge la damu, ama kwa kuwa umepasuka. Tumezoea kukihusisha na wazee wenye shinikizo la damu au kisukari. Kwa hiyo mtu wa miaka 30 akiamka kinywa kimekwenda upande na mkono hauinuki, mitaa ya Mombasa huwa imeshatoa jibu kabla ya hospitali: amekumbwa na upepo, au ametupiwa jini.

Kwa daktari, kiharusi cha mtu wa umri huo ni ugonjwa kiashiria, yaani ugonjwa ambao kutokea kwake peke yake kunatosha kuwa sababu ya kupima virusi vya Ukimwi, hata kama mgonjwa hajakonda, hakohoi wala hajawahi kujishuku. Kiashiria si ushahidi. Wapo vijana wengi waliopata kiharusi na hawana virusi hivyo, na si haki jamaa kuanza kunong'onezana kitandani pake.

Virusi hivi huleta uvimbe kwenye kuta za mishipa ya damu na kuifanya damu igande kwa wepesi. Kinga ikishuka, magonjwa nyemelezi nayo huingia: kifua kikuu cha utando wa ubongo, kaswende, fangasi, hata virusi vya tetekuwanga vilivyokuwa vimelala mwilini tangu utotoni, na kila kimoja kinaweza kuharibu mishipa ya ubongo. Kila kimoja pia kina dawa yake, nayo haitatolewa iwapo hakuna aliyekitafuta. Utafiti uliofanywa Blantyre, Malawi, ulionyesha kuwa virusi vya Ukimwi ni miongoni mwa visababishi vikuu vya kiharusi kwa vijana, na kwamba hatari huongezeka katika miezi ya mwanzo ya kutumia ARV, kinga inapoamka. Hiyo si sababu ya kuziacha dawa. Ni sababu ya kupima mapema, kabla kinga haijaporomoka.

Saa nazo zina hesabu yake. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya skani ya kichwa kuthibitisha kuwa hakuna damu iliyovuja, na anayevushwa feri ya Likoni kupelekwa kwa mganga kwanza huwa amekwisha kuzipoteza. Kipimo cha virusi kinaweza kufuata, kwa ridhaa yake na kwa siri. Katika vituo vya serikali hakilipiwi. Kikionyesha hana virusi, uchunguzi huelekea kwenye moyo, kwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao Pwani si mgeni, na kwenye shinikizo la damu ambalo huenda kijana huyo hajawahi kupimwa.