Kafeini ni nini, na kwa nini kichwa kinauma ukikosa chai

Kwetu Tanga, siku ya kwanza ya Ramadhani baba mdogo alikuwa hasemezeki. Asubuhi yuko vizuri. Ikifika saa nane mchana anajifunga kitambaa kichwani, anajilaza kwenye mkeka barazani, hataki kusikia redio wala sauti ya mtoto. Sote tulisema ni njaa na kiu. Lakini magharibi akishafuturu, tende amekula, maji amekunywa na uji juu yake, kichwa kiko palepale. Kinakuja kuachia nusu saa baada ya vikombe viwili vya kahawa chungu, na hapo ndipo anapoanza kuzungumza na watu. Ingekuwa njaa, uji ungemponya.

Alichokuwa amekosa ni kafeini.

Kafeini ni kemikali inayotengenezwa na mimea yenyewe, na huisaidia kujikinga na wadudu. Imo kwenye buni, majani ya chai, kakao na kola. Mkemia wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, aliitenga mwaka 1819 kutoka kwenye buni alizopewa na mshairi Goethe. Mwaka 1827 ikapatikana kemikali kwenye majani ya chai, ikapewa jina la teini kwa kudhaniwa ni kitu kingine, mpaka mwaka 1838 ilipobainika kuwa ni ileile. Nayataja haya kwa sababu hadi leo nawasikia watu wakisema, "Mimi kahawa siigusi, nakunywa chai tu." Kafeini ni moja, tofauti ni kiasi.

Ndani ya mwili mambo huenda hivi. Tangu unapoamka, ubongo unalimbikiza kitu kiitwacho adenosini. Kadiri kinavyojishikiza kwenye vipokezi vyake, ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Kafeini ina umbo linalofanana nacho, kwa hiyo inawahi kukalia nafasi zile, kama abiria aliyewahi kiti kwenye daladala. Adenosini ipo, ila imesimama. Nguvu mpya hujaongezewa, uchovu wako umefichwa tu, na kafeini ikishashuka ule uchovu uliokuwa umesimama unakaa wote kwa mkupuo.

Kwa anayekunywa kila siku, ubongo huzoea. Unaongeza vipokezi, yaani viti vinakuwa vingi, na kikombe kimoja kilichokuwa kinatosha sasa hakisikiki. Siku ukikosa, adenosini inakuta viti tele vitupu. Mishipa ya damu ya kichwani inatanuka na kichwa kinaanza kugonga, pamoja na uchovu, hasira za karibu na kushindwa kutuliza akili. Hali hii kwa kawaida huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, huwa kali zaidi siku ya kwanza au ya pili, na inaweza kuendelea hadi siku tisa. Baba mdogo alikunywa kahawa yake ya mwisho saa tatu usiku, na daku hakuigusa kwa kuwa ilimkausha koo. Mpaka saa nane mchana ni saa 17.

Je, huo ni uraibu? Mitaani hali ya kukosa dawa huitwa arosto, neno la watumiaji wa heroini, na wapo wanaolitumia kwa utani mtu akikosa chai ya asubuhi. Kuna mambo mawili hapa ambayo lazima yatenganishwe. Utegemezi wa mwili ni pale mwili unapolalamika ukikosa kitu. Uraibu ni zaidi ya hapo: unajua kitu kinakuharibia afya, kazi au nyumba, unataka kukiacha, na bado kinakushinda. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika mwaka 2022, inatambua madhara ya kuzidisha kafeini na ya kuikosa, lakini haikuiwekea ugonjwa wa utegemezi kama ilivyoiwekea pombe. Mimi naona ni sawa. Kumwita mnywa chai teja ni kumkosea, na ni kumkosea zaidi kijana anayepambana na heroini, kwa sababu kunaufanya mzigo wake uonekane mwepesi.

Hii haina maana kwamba vinywaji hivi havidhuru. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitoa makadirio mwaka 2015: mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, mjamzito asizidishe 200. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja kina kama miligramu 95, chai 40 hadi 50, kopo dogo la kinywaji cha kuongeza nguvu kama 80. Kahawa ya robusta, ile ya Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro, na Wahaya wanaotafuna akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, wanaipata barabara. Ukinywa kikombe saa kumi na moja jioni, saa nne usiku karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Wengi wanaolalamikia usingizi hawajawahi kuhesabu hivyo. Kwa mjamzito hukaa muda mrefu zaidi.

Linaloniuma zaidi ni chai na chakula. Kwenye nyumba nyingi mama mjamzito anakula wali na maharage au mchicha, na kikombe cha chai ya rangi kiko pembeni. Chai ina kemikali, tofauti na kafeini, zinazoshika madini ya chuma ya maharage na mboga na kuyazuia yasiingie kwenye damu, tena kwa zaidi ya nusu. Anameza vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki, na anavishushia na chai hiyohiyo. Asubiri saa moja au mbili baada ya kula ndipo anywe, na vidonge avimeze kwa maji. Hilo halina gharama, na sijui kwa nini halisemwi kwa sauti kubwa zaidi.

Joto nalo. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya koo la chakula. Watafiti waliopima chai mkoani Kilimanjaro walikuta watu wanaanza kuinywa ikiwa na nyuzi kama 70. Iache ipoe kidogo.

Na ukiona kichwa kinauma kila siku, soma paketi ya dawa unayomeza. Kidonge kimoja cha Panadol Extra kina miligramu 65 za kafeini. Ukimeza, kichwa kinapona, na huenda kilichokuponya ni ile kafeini uliyokuwa umeikosa. Kesho kinarudi, unameza tena. Kuna watu wameishi na duara hilo miaka mingi wakidhani wana ugonjwa wa kichwa.

Baba mdogo alikuja kuambiwa haya na mfamasia. Siku hizi, wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, anaanza kupunguza: vikombe vitano vinakuwa vinne, baada ya siku tatu vinakuwa vitatu, mpaka kinabaki kimoja cha usiku. Ramadhani iliyopita saa nane mchana nilimkuta barazani, kitambaa kiko begani, anawasomesha wajukuu juzuu amma.