Picha ya MRI pekee haikupeleki chumba cha upasuaji

Wagonjwa wengi wa mgongo wanaofika kliniki hapa Dar es Salaam hutanguliza bahasha ya picha. "Daktari, pingili zimesagika," mtu anasema kabla hajakaa vizuri. Naipokea, naiweka pembeni, namwomba avue viatu.

Atembee kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Akishindwa kuinua unyayo nashuku mshipa wa fahamu wa tano wa kiuno, na akishindwa kusimamia vidole nashuku ule unaoufuata. Kisha analala chali, nauinua mguu ukiwa umenyooka, naye ananionyesha maumivu yanaanzia wapi na yanashukia wapi. Nagonga goti kwa nyundo, napima hisia kwa pamba na pini. Hapo ndipo nafungua bahasha nione kama kilichomo kinalingana na nilichokikuta mguuni.

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya picha za MRI za watu 98 wasioumwa mgongo kabisa. Asilimia 52 walikutwa na diski, yaani kile kimto laini kilicho kati ya pingili na pingili, iliyotuna walau sehemu moja. Tungefuata picha peke yake, watu hao wazima wangeingia kwenye orodha ya upasuaji bure.

Diski ikikandamiza mshipa, maumivu hushuka mguuni kama moto. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa, mazoezi tiba na kuendelea kutembea. Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli tu. Najua kumwambia mbeba mizigo wa Kariakoo apumzike ni kumwambia watoto wake wasile, kwa hiyo tunapanga naye: mzigo mwepesi, safari nyingi, mkokoteni ukipatikana. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007, uliofuatilia wagonjwa 283, ulionyesha kwamba waliopasuliwa mapema walipona haraka zaidi kuliko waliopangiwa kusubiri, lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa, asilimia 95 wakisema wamepona. Ingawa asilimia 39 ya waliopangiwa kusubiri waliishia kupasuliwa, nao walikuwa wamepewa nafasi ya kupona bila kisu. Upasuaji huu, nisisitize, hutibu zaidi maumivu ya mguu kuliko ya mgongo wenyewe.

Wapo wasiopaswa kusubiri hata usiku mmoja. Ukipata ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, mkojo ukigoma kutoka au ukatoka wenyewe, au miguu yote miwili ikaanza kulegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usianze na mkandaji. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, hata kama hukohoi. Kikigunduliwa mapema, dawa za miezi kadhaa mara nyingi hutosha bila upasuaji. Kikichelewa, pingili hubomoka, kibiongo hutokea, miguu hupooza.

Halafu kuna ajali za bodaboda. Majeruhi akiokotwa kwa mikono na miguu akapakiwa kwenye bajaji, pingili iliyovunjika inaweza kukata mishipa ya fahamu iliyokuwa imesalimika. Kama eneo ni salama, mwacheni alale, mtu mmoja ashike kichwa kisicheze. Ikibidi kumgeuza, mgeuzeni wote kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda sambamba, na mbebeni juu ya ubao.

Majeruhi wa uti wa mgongo hupewa alama kuanzia A, asiye na hisia wala nguvu hata kwenye mishipa ya fahamu ya mwisho kabisa chini ya uti wa mgongo, hadi E, aliye mzima. Alama hiyo, saa ya ajali na saa ya kuingia chumba cha upasuaji lazima viandikwe kwa kila mtu, kwa sababu bila hivyo hatuwezi kujua ni saa ngapi zilizopotea njiani, na nani angetembea kama angefika mapema.

Ndiyo maana nawasihi wagonjwa wangu warudi kliniki hata wakijisikia wazima. Asiyerudi hubaki pengo kwenye utafiti, nasi hatujui kama alipona au alikosa nauli. Tukikupigia simu mwaka mmoja baadaye, tuambie bila kutuonea haya kama bado unatumia dawa za maumivu, kama umerudi kazini, kama unaweza kuchuchumaa.